Usiku wa Karibea pale Njiro: nendeni, ila msifike kabla ya saa sita

Jumamosi iliyopita tulienda watatu, mimi, dada angu na mama mdogo ambae alikua kaja toka Moshi kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa kaka, na niseme mapema kabisa kua hii ndo mara ya kwanza hapa Chuga, yaani Arusha, naingia kwenye usiku ulioandikwa Karibea nikakuta Karibea kweli. Kwingine kote nilikopita ukiona bango lina nyekundu, njano na kijani ujue utapigiwa Bob Marley nyimbo tano zilezile, hapo katikati amapiano, alafu kuanzia saa nane ni Bongo Fleva mpaka asubuhi. Sina ugomvi na amapiano, naipenda, lakini kama umeniita kwa jina la Karibea na nimelipa getini basi nipe nilichofata.

Klabu iko upande wa Njiro, ghorofa ya kwanza, unapandia ngazi za chuma kwa nyuma. Kiingilio elfu kumi. Walinzi wana adabu sana, walimwamkia mama mdogo shikamoo na mmoja akamsaidia kupanda zile ngazi, na hilo nalitaja makusudi maana sehemu nyingi mtu mzima akiingia usiku anaangaliwa kama kapotea, wanamuuliza kama anamtafuta mtoto wake.

Tulifika saa nne na nusu na hapo tulikosea. Ukumbi mtupu, wahudumu bado wanapanga viti, na baridi hii ya Julai mnaijua, tulikaa na makoti mpaka saa sita kasoro. Sikulalamika maana huu mziki ndo ulivyo, hata Kingston, Jamaica kwenyewe, dansi za mtaani kama ile ya Passa Passa iliyoanza 2003 pale Tivoli Gardens zilikua zinachangamka usiku mkubwa na watu wanarudi makwao jua limeshatoka. Kwaiyo kula nyumbani, lala kidogo, njoo saa sita.

Sasa mziki. Hawa jamaa wamepanga spika kwa kuelewa, maboksi manne makubwa ya besi chini, vya juu vidogo, na yakaelekezwa katikati ya ukumbi badala ya kurushwa kwenye meza. Saa sita na nusu walipofungua besi yenyewe chupa ya soda ya dada ikaanza kutembea mezani peke yake mpaka akaishika. Na bado tulikua tunaongea tukasikilizana! Mnajua tofauti ya sauti kubwa na kelele, klabu nyingi za hapa mjini ni kelele, vitu vinalia juu juu vinachoma masikio na asubuhi unaamka kichwa kinavuma. Rege bila besi haipo. Kule Jamaica miaka ya 1950 watu wa hali ya chini walikua hawana hela ya kwenda kwenye mahoteli kusikiliza bendi, ndo wakatokea kina Coxsone Dodd na Duke Reid na mitambo yao ya spika wanafunga uani au barabarani, mtaa mzima unakuja kucheza, na kila mmoja anataka mitambo yake imfunike mwenzie. Ni kama sisi tu mtu akikodi mziki wa shughuli ukafungwa nje na mtaa mzima ukahamia hapo. Ule ushindani wa mitambo ndo umezaa kila kitu kilichofata, na hii klabu wanaonekana wanalijua hilo.

Dijei wao, wenyewe wanamwita selekta, alifanya kitu kimoja ambacho kimenifanya niandike haya yote. Alichukua ridimu moja akaipiga kama dakika ishirini, mdundo haubadiliki ila waimbaji wanabadilika, nilihesabu saba. Chalii mmoja meza ya pembeni akaanza kulalamika mbona wimbo mmoja hauishi, nikamsogelea nikamwambia aisee sio wimbo mmoja, Jamaica mdundo unatengenezwa mara moja alafu kila muimbaji anakuja kuweka maneno yake juu, ni utaratibu wao wa miaka mingi. Na ile ridimu aliyoichagua sio ya kawaida, ni ile ya prodyuza King Jammy ya 1985 ilotoka kwenye kinanda kidogo cha Casio, kinanda cha kuchezea nyumbani, na baada ya hapo dancehall nzima, ile rege ya kuchezea, ikahamia kwenye mashine. Chalii akatulia akasikiliza, baada ya muimbaji wa tano ndo yeye anaongoza kupiga meza kwa mkono ili selekta airudishe mwanzo. Na alirudisha! Watu wakishangilia anakata, anarudisha mwanzo, anaachia upya, hiyo ndo heshima ya muimbaji kule.

Kinachoharibu ni MC. Jamani yule kaka apunguziwe maiki. Kila baada ya dakika mbili, watu wa Sakina mpo, watu wa Kijenge mpo, nani ana birthday, na anaongea palepale muimbaji anapoingia. Kwenye dancehall mtu wa maiki ana kazi yake na ni kazi kubwa, anautambulisha wimbo, anawapandisha watu, ila anajua pia wakati wa kunyamaza. Huyu hajui bado.

Saa saba wakaingia soca ya Trinidad, na hapo ukumbi ulibadilika kabisa. Soca inakimbia, Lord Shorty aliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kuchanganya kalipso na midundo ya ngoma za Wahindi wa kule, na ni mziki wa kanivali, unakuamrisha, ruka, nenda kushoto, punga kitambaa. Kitambaa nani anacho usiku ule? Machalii wawili walikua wamejifunga shuka za kimasai kwa ajili ya baridi, wakazivua wakaanza kuzizungusha juu, dakika tano mbele ukumbi mzima unapepea shuka, skafu, masweta, kuna dada alivua hadi kilemba. Sijui nani aliwafundisha, nadhani mwili ukisikia soca unajua wenyewe.

Hapohapo kwenye msongamano kuna mkaka alimshika dada angu kiuno kwa nyuma bila kuomba. Dada akamtoa mkono, jamaa akarudi tena. Mlinzi aliona kabla hata hatujamuita, akaja akamtoa mpaka nje na hakurudi. Najua dancehall na soca ni miziki ya kiuno na watu wanacheza kwa kugusana, ila kugusana ni kwa wawili waliokubaliana, na nimefurahi klabu inasimamia hilo bila kumuuliza dada alikua kavaaje.

Saa nane zouk. Mama mdogo alikua kakaa tu muda wote na soda yake anatingisha kichwa, ilipoingia ile ya kwanza akaweka chupa chini akasema "hii ya kwetu". Watu wengi wa umri wangu wanajua zouk kwa kupitia Bongo Fleva, wimbo wowote wa mapenzi wa taratibu tuliuita zouk, ila yenyewe ni ya visiwa vya Guadeloupe na Martinique, bendi ya Kassav' ilianza 1979 na miaka ya themanini ikatapakaa Afrika. Mama mdogo aliicheza Moshi akiwa msichana. Kijana mmoja mstaarabu akaja akainama, "shikamoo mama, naomba tucheze", mama mdogo akanyanyuka, na dakika ya kwanza tu akaanza kumfundisha, "acha kurukaruka mwanangu, mguu hauondoki chini, unaburuzika, kiuno ndo kinakwenda." Watu wakaacha nafasi. Walicheza nyimbo tatu, alafu wakaja wasichana wawili wakaomba na wao wafundishwe. Sijawahi kumuona mama mdogo vile toka baba mdogo afariki.

Selekta akaona, akawashushia kompa ya Haiti. Kompa Nemours Jean-Baptiste aliianza 1955, gita zinazunguka taratibu, na mama mdogo akanigeukia ananiambia mbona kama dansi letu. Ndio, ni ndugu. Santuri za Cuba, jirani wa Haiti, zilifika Kongo na huku kwetu toka zamani, wanamuziki wetu wakajifunzia humo, ndo maana Morogoro kukawa na bendi ya Salum Abdallah ikaitwa Cuban Marimba. Kwaiyo nikimsikia mtu anasema miziki ya Karibea haituhusu naona hajawasikiliza wazee wake.

Ndo maana nasikitika walivyosahau visiwa vya Kihispania. Usiku mzima hamna merenge, hamna bachata, Cuba yenyewe hamna hata wimbo mmoja! Wakati ilikua imebaki hatua moja tu wafike, mtu ameshapigiwa kompa yuko tayari kabisa kwa mziki wa son wa Cuba. Badala yake saa tisa na nusu wakarudia dancehall ya mwanzo. Nusu saa tu wangeiweka hapo, naomba sana waifikirie.

Chakula kipo, wanauza kuku wanaomwita wa jerk, elfu kumi na mbili na ndizi. Ni kuku mtamu, kachomwa kwa mkaa vizuri na pilipili mbuzi imekolea, ila jerk ya Jamaica roho yake ni pimento, zile punje ndogo ambazo harufu yake ni kama karafuu na mdalasini vimekutana, na hapa haikuwepo. Mwiteni kuku wa pilipili, hatabadilika utamu. Ndizi mzuzu za kukaanga ndo zimefika hasa, kule nako ni chakula cha kila siku. Bia elfu tatu na mia tano, unalipa kwa lipa namba hamna usumbufu. Choo cha wanawake kimoja kwa ukumbi wote, saa nane foleni ilifika kwenye ngazi, hilo walirekebishe kabla ya kuongeza spika nyingine.

Tulitoka saa kumi na nusu, teksi zipo palepale getini na mlinzi anaandika namba ya gari kabla hujapanda. Wanafanya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kipaimara ilikua saa tatu asubuhi na mama mdogo alikua wa kwanza kuvaa, kanisani kaenda na viatu vya chini, na kwenye shughuli mchana kabla hata ya kukata keki akaniita pembeni kuuliza Jumamosi ya mwisho ya Agosti ni tarehe ngapi.