Vijimeseji vinavyorukaruka kwenye kompyuta ya nyumbani: usinunue kitu kwanza, angalia hii

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo tunaongelea hii kero ya vijimeseji vinavyochomoza vyenyewe kwenye kompyuta, yaani umefungua laptopu uandike barua yako ya kazi, mara kona ya chini kulia kinatokea kidude kinasema kompyuta yako ina virusi, hujakaa sawa kinakuja cha kubeti, kinafuata cha picha za ajabu ajabu, na kompyuta yenyewe ni ya sebuleni watoto wanafanyia homuweki. Nitapitia programu tatu, uBlock Origin na mdogo wake uBlock Origin Lite ambazo zinazuia matangazo, na AdwCleaner inayosafisha programu za matangazo zilizojipenyeza, zote ni za bure, ila nakuomba usikimbilie kudaunilodi chochote kwa sasa, maana kwa watu wengi sana hii shida inaisha bila kuinstoli kitu, na ndiyo sababu naanzia huko.

Kitazame hicho kidude kwa karibu kabla hujakifunga. Wengi tunaona ile ngao nyekundu na maandishi makubwa, roho inaruka, basi tunabofya. Sasa wewe shusha macho, soma yale maandishi madogo ya kijivu. Juu kabisa utakuta pameandikwa Google Chrome, au Microsoft Edge, na chini ya ujumbe kuna anwani ya tovuti, mara nyingi ni herufi zilizorundikwa tu hazina maana yoyote. Hapo umeshapata jibu lako. Antivairasi ya Windows yenyewe ikiwa na neno na wewe haipitii kwenye Chrome, inakuja kwa jina lake, Windows Security. Kwa hiyo hicho si kirusi kilichogunduliwa, ni tangazo limevaa nguo za kirusi, na linakuja kwa sababu kuna mtu kwenye hiyo kompyuta aliwahi kuliruhusu.

Ruhusa ilitolewaje? Mara nyingi ni siku ya mechi. Mtu anatafuta linki ya kuangalia mpira bure, au anataka kudaunilodi muvi, ukurasa unafunguka una kile kiduara kinazunguka halafu unaambiwa bonyeza Allow kuthibitisha kwamba wewe siyo roboti. Jamani, Allow haithibitishi kitu. Vile vipimo halali vya roboti vinakutaka utiki kiboksi au uchague picha za taa za barabarani ndani ya ukurasa wenyewe, havihitaji ruhusa ya kukutumia notifikesheni, yaani hivyo vijimeseji vya kwenye kona, hata siku moja. Ukibonyeza hiyo Allow umeipa tovuti haki ya kukuandikia muda wowote, hata kama ule ukurasa ulishaufunga mwezi uliopita.

Na hapa ndipo watu wanachanganyikiwa, anakwambia mbona kizuia popapu kwenye brauza yangu kimewashwa. Ni kweli kimewashwa, ila kile kinazuia madirisha. Miaka ya 1990 matangazo yalikuwa yanafungua dirisha zima jipya, kiasi kwamba Ethan Zuckerman, aliyeandika kodi, yaani yale maandishi ya programu, ya popapu za mwanzo kabisa akiwa kampuni ya Tripod, alikuja kuomba radhi hadharani mwaka 2014. Brauza zikajifunza kuyazuia, hata Internet Explorer ikapata kizuizi chake mwaka 2004 ilipokuja Service Pack 2 ya Windows XP. Halafu mwaka 2015 Chrome ikaleta notifikesheni za tovuti, kitu kizuri tu kwa barua pepe na meseji, na wajanja wakahamia huko. Notifikesheni siyo dirisha, inatolewa na Windows kwa niaba ya brauza, kizuizi chako cha popapu hakina habari nayo.

Haya tuizime. Kwenye Chrome nenda pale juu unapoandikaga anwani, andika chrome://settings/content/notifications halafu Enter. Ukitumia Edge, ni hivyo hivyo ila mwanzo unaandika edge. Kwenye Firefox fungua setingi, ingia sehemu ya faragha, shuka mpaka kwenye ruhusa, utaona notifikesheni na kitufe cha setingi zake. Hapo utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, na ukiona kitu usichokijua ondoa, usijiulize mara mbili. Zikiwa nyingi anza na zile zenye majina ya ajabu, acha zile unazozitumia kweli. Kisha palepale juu chagua ile ya tovuti zisiruhusiwe kuomba kutuma notifikesheni, kwa kompyuta ya familia mimi nasema weka hivyo moja kwa moja, barua pepe utaziona ukifungua mwenyewe. Kitu kingine, kwenye setingi za mfumo za Chrome kuna pale panaporuhusu programu ziendelee kufanya kazi hata brauza ikiwa imefungwa, zima hiyo nayo. Watu wakifanya hivi tu wanashangaa kompyuta imetulia kimya.

Sasa ndiyo tuje kwenye bidhaa, kwa sababu setingi zinafukuza waliokwishaingia na zinafunga mlango wa notifikesheni, lakini zile kurasa zinazojifungua zenyewe ukigusa kitufe cha kucheza video, na yale matangazo ya uongo ya Download, zenyewe bado zipo. uBlock Origin ndiyo ninayoikubali kuliko zote. Imetengenezwa na Raymond Hill, kodi yake iko wazi kila mtu anaweza kuisoma, na jamaa hapokei michango ya pesa, hakuna toleo la kulipia limefichwa kwa nyuma. Inafanya kazi kwa kufuata orodha za anwani za matangazo na za kurasa mbaya zinazosasishwa kila wakati, tangazo linakatwa kabla halijaanza kushuka, na kwa sisi tunaotumia bando hiyo ina maana MB zako haziliwi na video ya tangazo ambayo hukuiomba. Ukurasa wa habari unafunguka haraka hata kwenye laptopu ya zamani, tofauti utaiona kwa macho.

Ila kuna jambo lazima nikwambie kabla hujaanza kuitafuta. Kwenye Chrome, uBlock Origin yenyewe haifanyi kazi tena. Google walibadilisha utaratibu wa eksitensheni, yaani viprogramu vidogo vinavyoongezwa ndani ya brauza kama hii uBlock, ule unaoitwa Manifest V3, wakaanza kuzizima za utaratibu wa zamani kidogo kidogo mpaka mwaka 2025 wakamaliza. Kwa hiyo Chrome unaweka uBlock Origin Lite. Ni ya mtu yuleyule, ni nyepesi kweli, na kwa popapu za kawaida inakata vizuri, nimeipitisha kwenye zile tovuti za mpira na kurasa nyingi za pembeni zilishindwa kufunguka. Tatizo lake, orodha zake za vizuizi zinasasishwa pale eksitensheni yenyewe inaposasishwa, wakati ile kubwa inajisasishia orodha zake yenyewe, na hawa wa matangazo wanabadilisha anwani kila leo, kwa hiyo kuna vitu vitakupita. Pia ina ngazi za ukali, ukiona ukurasa wa benki au wa malipo ya serikali haufunguki vizuri, bofya alama yake ushushe ngazi kwa tovuti hiyo tu, usiizime yote.

Ukiniuliza mimi, kama kompyuta inatumiwa na watoto au wazazi, weka Firefox yenye uBlock Origin kamili. Firefox bado inaikubali, na tangu Januari 2020 Firefox haikurushii tena usoni yale maombi ya notifikesheni mpaka uguse mwenyewe. Hao wawili pamoja ni kinga kubwa ambayo hujatoa hata shilingi.

Angalieni jina vizuri lakini. Inayoitwa uBlock peke yake bila Origin ni kitu kingine cha watu wengine. Ingia kwenye duka la eksitensheni la brauza yako, hakikisha neno Origin lipo na jina la Raymond Hill lipo. Adblock Plus nayo inatajwa sana, siyo mbaya, ila inaruhusu baadhi ya matangazo kupita kwa mpango wake wa matangazo yanayokubalika, na huo mpango umewashwa tangu unapoinstoli, unaweza kuuzima kwenye setingi zake. Na kama kuna anayekwambia kuzuia matangazo ni mambo ya wahuni, mwambie Desemba 2022 FBI wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu matangazo ya uongo kwenye matokeo ya utafutaji, na kati ya ushauri waliotoa ni kutumia kizuia matangazo.

AdwCleaner hiyo ni kwa hali nyingine kabisa. Umezima notifikesheni, umeweka kizuizi, lakini kila ukifungua brauza inaanzia kwenye ukurasa wa utafutaji usioujua, na matangazo yanatokea hata kwenye tovuti safi. Hapo kuna programu imeingia, mara nyingi iliingia pamoja na programu nyingine ya bure uliyoinstoli huku unabofya Next, Next bila kusoma. AdwCleaner ni ya Malwarebytes, waliinunua mwaka 2016, ni faili dogo, huinstoli, unaifungua tu inaskani kwa muda mfupi, inakupa orodha. Soma hiyo orodha kabla ya kukubali, maana huwa inaweka humo pia programu zilizokuja na laptopu tangu kiwandani, nyingine unazitumia. Ukikubali inaviweka karantini, unarestati, ikitokea umeondoa kisichotakiwa unakirudisha. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, siyo kwenye zile tovuti za kukusanya programu ambazo zenyewe ndiyo chanzo.

Kuna ile nyingine inayotisha kuliko zote, skrini nzima inakuwa ya bluu au nyekundu, king'ora kinalia, sauti inasema usizime kompyuta piga namba hii ya Microsoft. Inaniuma sana hii kwa sababu inawalenga watu wazima, mama yuko peke yake nyumbani, anaona akifunga ataharibu kitu cha mwanae. Microsoft wamesema wazi, ujumbe wao wa hitilafu hauwi na namba ya simu. Ikitokea, shikilia kitufe cha Esc skrini itoke kwenye ukubwa ule, halafu Alt na F4. Ikigoma bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua brauza, iue kwa End task. Ukifungua tena brauza ikikuuliza irudishe kurasa zilizokuwepo, kataa.

Vijimeseji vya Windows wenyewe navigusia tu: vidokezo na mapendekezo unavizima kwenye setingi za mfumo, sehemu ya notifikesheni, kule chini kabisa kwenye setingi za ziada. Ule ujumbe wa Windows 10 kwamba muda wake umeisha ni wa kweli, msaada uliisha 14 Oktoba 2025, huo usiupuuze. Na ile antivairasi ya majaribio iliyokuja na laptopu, inayokukumbusha kila asubuhi ulipie, ukiiondoa, Defender, ile antivairasi ya Windows yenyewe, inashika nafasi yake, hubaki wazi.

Kama umeshaipiga ile namba na mtu akaingia kwenye kompyuta yako kwa mbali, usikae kimya kwa aibu. Kata intaneti sasa hivi, toa waya au zima Wi-Fi, iondoe ile programu aliyokuambia uiweke, tumia simu au kompyuta nyingine kubadilisha neno la siri la barua pepe kwanza kisha la benki, na kama ulimtajia namba za kadi pigia benki yako waifunge leo hii, namba ya kupiga ni ile iliyoko nyuma ya kadi.