Mbwa wa kienyeji kwa familia yenye shamba Nachingwea

Kwa familia inayolima mihogo na mahindi nje ya kijiji, ninapendekeza mbwa wa kienyeji, tena jike, aliyechukuliwa akiwa na umri wa wiki nane hivi kutoka kwa mama aliyezoea kulala shambani. Wetu tulimnunua kwa mfugaji mmoja wa hapa wilayani, ambaye alikuwa pia na chotara wa German Shepherd aliowauza ghali zaidi kwa sababu, kama alivyosema, ni wakali. Ukali si sifa ya kutafutwa na mwenye watoto nyumbani, na manyoya mazito ya jamii hiyo ni adhabu katika joto la Novemba.

Ninampongeza mfugaji huyo kwa kuturuhusu kumtazama mama kwa utulivu. Alitubwekea tulipofika, akanyamaza bwana wake alipomwita, kisha akamwacha binti yetu awasogelee wanawe. Sufuria ilipogongwa watoto wote walikimbia, na tuliyemchagua ndiye aliyerudi wa kwanza kuinusa. Upande wa chanjo, hata hivyo, maelezo yake hayakuridhisha: alidai wote wamekwisha kuchanjwa kichaa cha mbwa, ilhali chanjo hiyo kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi mitatu. Mnunuzi asikubali neno la mdomo. Ampeleke mbwa wake kwa ofisa mifugo akifikia umri huo, kwa kuwa ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hauna tiba.

Kazini, huyu jike anafaa sana dhidi ya ngedere, ambao huja mchana na hukimbilia juu ya mikorosho wanapomsikia. Lakini asiachwe peke yake, kwani wakati anabweka chini ya mti mmoja, wengine huzunguka na kuingia kwenye mahindi upande wa pili; lazima awepo mtu kwenye dungu. Usiku, nguruwe pori wanapokuja kufukua mihogo, kazi yake ni kumwamsha mlinzi tu, maana meno ya nguruwe dume humchana mbwa vibaya, na kwa hiyo sisi humfunga kamba ndefu. Nyumbani hukaa nje na ana chombo chake mwenyewe, utaratibu ambao majirani zetu Waislamu hawana neno nao, kwa kuwa mbwa wa shamba ameruhusiwa.

Wanaoishi vijiji vya Liwale vilivyo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere wasimtegemee kwa tembo. Mbwa akimchokoza tembo kisha akafukuzwa, hukimbilia kwa bwana wake, na tembo humfuata hadi hapo. Huko, pilipili iliyochanganywa na oili chafu na kupakwa kwenye kamba za uzio inafaa zaidi, na mbwa abaki nyumbani usiku.