Vikao sita vya ushauri nasaha Mbeya, na swali la kabila kwenye fomu

Ofisi hii iko jijini Mbeya, mwendo mfupi kwa bajaji kutoka Mwanjelwa, na jina lake silitaji kwa kuwa sehemu ya maelezo yangu ni lawama. Kikao cha saa moja ni shilingi 30,000. Mapokezi ni mazuri, isipokuwa fomu, ambayo huuliza kabila kabla ya kuuliza kilichokuleta, wakati hata sensa ya taifa haijauliza jambo hilo tangu ile ya mwaka 1967.

Mimi ni Mhehe wa Kihesa, Iringa, niliyeolewa na Mnyakyusa wa Tukuyu. Kilichonipeleka ni mawifi zangu kutonisemesha kwa karibu miaka miwili, tangu baba mkwe alipotutembelea mara ya kwanza, bila yeyote kuniambia kosa langu.

Kwa kufuata fomu, nilipangiwa mshauri Mhehe mwenzangu. Alinisalimu "kamwene" nikafarijika, na faraja hiyo ndiyo iliyotukwamisha, kwa sababu kila nilipoanza kueleza alinimalizia sentensi, na uchungu wangu akaufunga kwa maneno mepesi kwamba sisi Wahehe tuna hasira. Vikao viwili vilipita hivyo.

Nikaomba kubadilishiwa. Wa pili alikuwa Msukuma, asiyejua mila za Rungwe, kwao mume wangu, wala za Iringa, na hakuona aibu kuuliza. Alinitaka nisimulie ziara ile hatua kwa hatua: nani alikaa wapi, chai nilimpa mzee mkononi au niliiweka mezani. Nilipofika kwenye kikombe nikakumbuka kwamba mzee aligeuzia uso ukutani, jambo nililolichukulia kuwa dharau. Nikatumwa nikamuulize mume wangu, naye, baada ya kusitasita sana, akaniambia kwamba kwa mila ya zamani ya Kinyakyusa mkamwana hujitenga na baba mkwe wake. Mzee alikuwa akinistahi, mimi ndiye niliyemsogelea. Vikao vilivyofuata tulifanya mazoezi ya kuomba radhi kupitia kwa shangazi wa mume wangu.

Njia hii aliyoitumia mshauri wa pili, ya kutibu kupitia mahusiano, ilianzishwa Marekani na Gerald Klerman na Myrna Weissman katika miaka ya 1970. Vijijini Uganda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, vikundi vya tiba hii vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16 vilishuka kutoka asilimia 86 ya wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, hadi 6.5, ilhali wasiopata tiba walishuka kutoka 94 hadi 54.7 tu. Vikundi hivyo viliongozwa na wenyeji wenye lugha yao, kwa hiyo sisemi kwamba asili haina uzito. Hata hivyo, tafiti za Marekani zinaonyesha kwamba watu hupenda mshauri wa asili yao, lakini matokeo ya tiba hayatofautiani sana.

Wifi mmoja ameshanipigia simu, mwingine bado. Kasoro kubwa iliyobaki ni ukuta wa mbao, kwani nikiwa kwenye benchi nilisikia kilio cha aliyekuwa ndani, na bila shaka changu nacho kilisikika. Anayekwenda aombe kikao cha saa mbili asubuhi, kabla benchi halijajaa.