Nyanya za Asili Nne Dhidi ya Chotara: Nimezikata Zote

Karibuni tena jamani. Leo mezani hakuna simu wala spika, kuna nyanya tano. Nne ni za mbegu za asili, zile ambazo wakulima wamekuwa wakikamua mbegu kutoka tunda lililowapendeza na kuipanda tena msimu unaofuata, vizazi na vizazi. Na Kiswahili kina utani wake: nyanya ni tunda, na kwa wengine nyanya ni bibi. Kwa hizi nne, maana zote mbili zinafaa.

Ya tano ni chotara, yaani mbegu yake imepatikana kwa kuchanganya aina mbili. Mviringo, nyekundu kila upande, ngumu. Hiyo ni ya kulinganishia.

Tuanze na macho, maana wengi tunanunua kwa macho. Hii ni Brandywine, ya Marekani. Kubwa, imebonyea juu, ina mikunjo, na hapa karibu na kikonyo mabega yana ukijani. Mtu akiona hivyo anasema bado mbichi, anairudisha. Msiirudishe! Wazalishaji wa mbegu wa karne ya 20 walipenda nyanya inayogeuka rangi kwa pamoja, kwa sababu mvunaji anajua mara moja wakati umefika na rafuni inapendeza. Mwaka 2012 watafiti wakaitambua jeni inayohusika, yaani kipande cha urithi kinachoamua sifa hiyo. Ikiwa nzima, hulijaza tunda bichi klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, hasa mabegani, na tunda lenyewe linajitengenezea sehemu ya sukari yake. Kwenye nyanya nyingi zenye wekundu wa sawasawa, jeni hiyo ni mbovu. Yaani tulichagua sura, utamu ukapungua, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua vitu hivyo viwili vimefungana.

Ngoja niimenye ganda. Nikiliinua kwenye mwanga, mnaona? Halina rangi kabisa. Sasa namenya la chotara: la njano. Ndiyo maana Brandywine inaonekana ya pinki na ile nyekundu, ingawa nyama zao ndani karibu zinafanana.

Nanusa. Brandywine inanukia hadi huku nilipokaa. Chotara… inanukia maji. Sio uchawi: mwaka 2017 ulitoka utafiti uliopima aina 398 za nyanya, na kemikali 13 zinazoleta harufu na ladha zikaonekana zimepungua kwenye zile za kisasa. Sukari peke yake haimfanyi mtu afumbe macho akitafuna, harufu ndiyo inayofanya hivyo. Na tafadhali, ukishanunua nyanya nzuri usiiweke kwenye friji. Baridi ya nyuzi 5 kwa wiki moja inaziua harufu hizohizo, na hata ukiitoa ipate joto hazirudi zote.

Inayofuata ni Black Krim, jina limetoka Crimea, rasi iliyo kwenye Bahari Nyeusi. Rangi ya zambarau iliyochanganyika na kahawia, na watoto watakataa kuigusa, nawaonya mapema. Weusi huo unatokea kwa sababu klorofili haiondoki wakati wekundu unaingia, basi kijani na nyekundu vinakaa pamoja. Nimeonja: utamu mzito, uchachu kidogo, mwishoni kama kuna chumvi. Kasoro? Imepasuka pande mbili kabla sijaifikisha mezani. Ganda lake jembamba, haifai kusafiri.

San Marzano, ya Italia, maeneo ya karibu na mlima Vesuvius. Ndefu, nyama nyingi, maji kidogo. Mbichi hainivutii, nasema kweli. Ni nyanya ya sufuria: mchuzi wake unakuwa mzito haraka bila kusubiri maji yakauke.

Ya nne ndiyo iliyonishangaza. Ni ramellet, ya kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Ndogo, ganda gumu, haina sura ya kujivunia. Wenyeji huzifunga uzi kwenye vichala na kuzitundika, zikakaa miezi bila kuoza, kwa sababu ya badiliko la jeni linalochelewesha kulainika. Wanaikata na kuisugua kwenye mkate. Anayesema nyanya za asili zote huharibika upesi, mwonyesheni hii.

Tahadhari moja kwa wanunuzi: michirizi na rangi za ajabu si ushahidi wa uzee. Green Zebra, ile ya kijani yenye mistari, ilitoka mwaka 1983. Ni tamu, lakini asili siyo.

Hukumu yangu? Kula mbichi, Black Krim. Ya kukata vipande vinene, Brandywine. Kupika, San Marzano. Ya kuweka akiba, ramellet. Chotara nayo haina aibu: inazaa sana, mara nyingi inahimili magonjwa, na inafika salama ilikotumwa. Ila tumemaliza kurekodi, sahani ya Black Krim ni tupu, na vipande vya chotara viko palepale nilipoviweka.