Kibanda cha simu cha ofisini: pima hewa kwanza, desibeli baadaye

Ofisi nyingi zilizopunguza nafasi baada ya 2020 zimebaki na tatizo ambalo ramani zao hazikulitarajia. Wafanyakazi huja siku mbili au tatu kwa wiki, na wakishafika wanashinda kwenye mikutano ya video na wenzao waliobaki nyumbani. Ukumbi ni mmoja, wa wazi, na watu kumi wanaongea na skrini kwa pamoja. Chumba cha mikutano cha watu wanane kimeshikwa na mtu mmoja mwenye hedifoni. Pengo hilo ndilo lililokipa soko kibanda cha simu: sanduku la mtu mmoja lenye upana wa kama mita 1 na kimo cha mita 2 na ushee, mlango wa kioo, feni, taa na kimeza. Framery ya Tampere, Finland, ilianzishwa 2010, biashara hii ilipokuwa bado changa. Leo watengenezaji ni wengi, na tofauti kati ya kibanda kizuri na kibaya haionekani kwa macho wala kwenye picha za matangazo.

Muuzaji huanza na desibeli, kwa hiyo tuanze nazo na tuzimalize haraka. Kipimo cha kuuliza ni cha kiwango cha ISO 23351-1 cha 2020, kinachopima kibanda kizima, pamoja na mlango, matundu ya hewa na viungo, kinapunguza sauti ya maongezi kwa kiasi gani. Daraja A+ ni zaidi ya desibeli 33, A ni 30 hadi 33, B ni 25 hadi 30, C ni 20 hadi 25, na D ni 15 hadi 20. Ukitajiwa namba ya kioo peke yake, au ya ubao wa ukuta peke yake, iache. Sauti hupita penye udhaifu, na kioo si penye udhaifu. Maongezi ya kawaida ni kama desibeli 57 kwa umbali wa mita moja. Ukitoa 27, nje inabaki 30, nayo humezwa na mvumo wa kawaida wa ofisi yenye watu. Kwa hiyo daraja B linatosha kazi nyingi. Daraja A ni la mazungumzo ya mishahara, afya na kesi, au la ofisi iliyo kimya kupita kiasi. C linafifisha tu: jirani hatakwazwa sana na sauti, lakini akitega sikio atayapata maneno.

Sasa hewa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu mzima aliyeketi hutoa takriban lita 18 za kaboni dioksidi kwa saa. Ndani ya kibanda kuna nafasi ya kama mita za ujazo 1.7. Feni ikizimika na mlango ukiwa umebana vizuri, gesi hiyo hupanda kwa karibu sehemu 175 kwa milioni kila dakika. Ukiingia ikiwa 600, ndani ya dakika tano au sita umefika 1,500, na baada ya nusu saa umepita 5,000. Kichwa kinakuwa kizito, mtu anapiga miayo katikati ya mkutano, kisha anaufungua mlango kidogo kwa mguu. Tangu dakika hiyo, desibeli zote mlizolipia zimekwisha.

Feni inayopitisha mita za ujazo 36 kwa saa itaizuia gesi isizidi hewa ya ofisi kwa zaidi ya 500. Watengenezaji wengi wangeishia hapo, lakini joto linadai zaidi kuliko pumzi. Mwili hutoa wati 100 hivi, kompyuta huongeza 40. Kwa mita za ujazo 36, joto la ndani laweza kuzidi la nje kwa nyuzi 12 kabla ya kuhesabu linalopotelea kwenye kuta na kioo. Kwa 72, hushuka hadi kama 6. Usikubali chini ya 72. Ulizia pia feni ni ngapi na kubwa kiasi gani: mbili kubwa zinazozunguka polepole ni bora kuliko moja ndogo inayovuma, maana mvumo huo huingia kwenye maikrofoni.

Kupima hakuhitaji fundi. Chukua kipima kaboni dioksidi chenye kihisi cha infraredi, kiweke usawa wa bega mbali na pumzi ya moja kwa moja, funga mlango, keti dakika 30 ukiongea. Ikizidi 1,200 huku hewa ya ofisi ikiwa ya kawaida, kikatae. Kama kipimo hakipo, shika kipande cha karatasi ya shashi kwenye tundu la kutolea hewa. Kisipoinama, hakuna mtiririko wa maana.

Kibanda kizuri nacho huharibiwa na mahali kilipowekwa. Matundu ya kutolea hewa mara nyingi yako juu au nyuma, kisha wafungaji wanakisukuma hadi ukutani ili kuokoa nafasi. Acha sentimita 15 nyuma na 30 juu, kama maelezo ya mtengenezaji hayadai zaidi. Kosa jingine ni kihisi cha mwendo kinachowasha feni na taa: mtu anayesikiliza ametulia huachwa gizani bila hewa. Kihisi kiruhusu angalau dakika 10 za utulivu, na feni iendelee dakika 3 hadi 5 baada ya mtu kutoka, ili anayefuata asivute pumzi ya aliyemtangulia.

Mlango ukianza kuvujisha sauti, mara nyingi chanzo ni sakafu. Sakafu ikiinama milimita chache, fremu hupinda na raba ya mlango haigusi pembe moja. Weka pimamaji kwenye kizingiti, zungusha miguu ya kusawazishia, kisha bana karatasi mlangoni sehemu nane tofauti na uivute: ikitoka bila kukwama, sauti nayo inatoka hapo. Rudia baada ya wiki mbili, kwa sababu zulia hudidimia. Uzito nao si jambo dogo, kwani vibanda vingi huwa na kilo 250 hadi 400 kwenye mita moja ya mraba hivi, na sakafu nyingi za ofisi zimesanifiwa kwa kilo 250 hadi 300 kwa kila mita ya mraba. Kimoja kwa kawaida si tatizo, maana uzito wake hubebwa pia na sakafu inayokizunguka. Vinne vilivyopangwa safu katikati ya nguzo mbili vinahitaji jibu la mhandisi wa jengo. Uliza pia kuhusu moto: paa la kibanda hukinga maji ya vinyunyizio na kuzuia moshi usifike kwenye vitambuzi vya dari, na ndani king'ora husikika kwa shida.

Idadi isitokane na kanuni ya kimoja kwa watu kumi. Hesabu saa. Watu 40 wakiwapo, kila mmoja na dakika 90 za simu za peke yake, ni saa 60 kwa siku. Katika siku ya saa nane, simu 7 hadi 8 zinaendelea muda wote. Kama nusu ni za kusikiliza tu, zitabaki mezani, na vibanda 5 au 6 vitabeba wingi wa asubuhi. Ila msiweke viti vya starehe ndani, la sivyo mtu atahamia humo kutwa.

Kikilinganishwa na chumba cha ukuta wa jipsamu, kibanda kina faida moja kubwa: kwa kawaida ni samani. Mkataba wa pango ukiwa mfupi, mpangaji huondoka nacho badala ya kumwachia mwenye jengo, na hadaiwi kubomoa kuta. Hakikisheni mkataba unasema hivyo kwa maandishi.

Ndiyo maana ofisi zinazofungwa huuza vilivyotumika kwa wingi, na wanunuzi wengi wangefanya vyema kuanzia huko. Kagua raba kama zimekakamaa, nusa felti ya ndani kama imeshika unyevu, hesabu boliti za viungo kwa mujibu wa kitabu chake, na soma volti kwenye adapta ya feni kabla ya kuichomeka. Raba na feni hubadilishwa kwa urahisi. Paneli iliyovimba kwa maji haitengenezeki.