Kiyoyozi cha karavani: chagua mahali kwanza, mashine baadaye

Watu wengi wakitafuta kiyoyozi cha karavani, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, huanza na namba ya BTU, kipimo cha nguvu ya kupoza. Naomba uanze na mahali kitakapokaa. Kazi ya kiyoyozi ni kuchukua joto la ndani na kulitupa nje, pamoja na joto la kompresa yake yenyewe, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza. Mashine yenye nguvu ikikosa njia ya kutupia joto hilo, utalipia umeme na bado utalala unatoka jasho. Karavani ina kuta nyembamba, madirisha mengi na paa linalopigwa jua kutwa, hivyo kosa dogo la mahali linakuadhibu haraka kuliko kwenye nyumba ya matofali.

Nimezipanga aina hizi kuanzia ile ambayo ningemshauri mtu anunue kwanza.

1. Kiyoyozi cha paani

Hiki ndicho chaguo langu kwa karavani nyingi. Hewa baridi ni nzito na hushuka yenyewe, joto hutupwa juu ya paa ambako halimsumbui mtu, na ndani hupotezi kabati wala dirisha. Tundu lake la kawaida ni inchi 14 kwa 14, yaani kama sentimita 36 kila upande. Matundu mengi ya kupitishia hewa paani yana kipimo hichohicho, kwa hiyo mara nyingi huhitaji kukata paa upya.

Ukiwa na matundu mawili, moja katikati na jingine chumbani, weka kiyoyozi kwenye lile la katikati, isipokuwa kama mlango wa chumba hufungwa usiku. Hapo chumba kipewe kipaumbele, maana mchana unaweza kukaa kivulini nje lakini usiku lazima ulale. Tundu linalobaki litie feni ya kutoa hewa. Utaihitaji ukipika na usiku kukiwa na ubaridi nje.

Kabla ya kulipa, pima unene wa paa, kwa sababu sehemu ya ndani ya kiyoyozi hutengenezwa kwa unene wa kiwango fulani tu. Hakikisha pia paa linabeba uzito wake, ambao mara nyingi ni kati ya kilo 35 na 50. Bolti zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, ili gasketi, yaani pedi ya kuzuia maji kati ya mashine na paa, ibanwe sawasawa pande zote. Ukiibana kupita kiasi inapondeka, na mvua ya kwanza itakuonyesha.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita: ukuta mdogo unaotenganisha hewa baridi inayotoka na hewa ya chumba inayovutwa kurudi. Ukiwa na upenyo, baridi hunyonywa palepale kabla haijafika chumbani, na kompresa inaweza kuzima ikidhani kazi imekwisha. Fungua kifuniko cha ndani, zibe nyufa zote kwa tepu ya alumini. Ni kazi ndogo, na tofauti yake utaihisi usiku huohuo.

Kuhusu ukubwa: BTU 13,500 hutosha karavani ya kama mita 6. Ikizidi mita 7 na inakaa juani, chukua 15,000 au weka viwili vidogo. Usinunue kikubwa mno kwa nafasi ndogo. Kitawaka na kuzima upesi bila kukausha hewa, na utabaki na baridi yenye unyevu. Kasoro kubwa ya aina hii ni kelele, kwa hiyo omba ukisikie kikiwaka kabla ya kununua.

2. Kiyoyozi cha dirishani au ukutani

Kwa karavani ndogo na bajeti ndogo, hiki kinashindana vizuri sana. Cha BTU 5,000 hutumia takribani wati 450 hadi 500. Kiweke juu kwenye ukuta wa nyuma, kikiinama kidogo kuelekea nje ili maji yatoke. Matundu ya ubavuni lazima yabaki nje kabisa. Nimeona watu wakikificha ndani ya kabati, kikavuta hewa yake ya moto tena na tena mpaka kikazima. Kitegemeze kwa chini pia, kwa sababu mitikisiko ya barabara hulegeza ukuta mwembamba.

3. Spliti

Hii ina mashine mbili, moja ndani na nyingine nje, zilizounganishwa kwa mabomba. Ni tulivu kuliko vyote, na zile zenye inveta, kifaa cha kubadili kasi ya kompresa, huanza polepole bila kushtua umeme. Kama karavani yako hukaa sehemu moja miezi mingi, ipandishe iwe ya kwanza. Kwa anayesafiri kila wiki nina wasiwasi nayo. Maungio ya mabomba ya shaba hulegea kwa kutikisika na gesi ikavuja. Tena mashine ya nje ikifungwa mbele huongeza uzito unaolala kwenye ndoano ya gari. Kwa kawaida uzito huo unatakiwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa karavani, kwa hiyo pima upya baada ya kufunga.

4. Cha chini ya benchi

Kina utulivu na uzito wake uko chini, jambo jema barabarani. Lakini kinakula nafasi ya kuhifadhia vitu, na baridi lazima ipandishwe juu kwa mabomba. Kila kona ya bomba inapunguza hewa.

5. Cha kubebeka

Nunua chenye mabomba mawili tu. Cha bomba moja hutoa nje hewa ya ndani, na nafasi yake hujazwa na hewa ya moto inayopenya kwenye nyufa. Kile cha kupoza kwa maji kinafaa penye hewa kavu peke yake, dirisha likiwa wazi. Penye unyevu kinakuongezea jasho.

Umeme na kivuli

Cha paani cha BTU 13,500 hula kati ya wati 1,300 na 1,600. Soketi ya kambi ya volti 230 na ampea 10 inakupa wati 2,300, kwa hiyo birika la umeme lisubiri. Wakati wa kuwaka kompresa huvuta umeme mara kadhaa zaidi. Kifaa cha kuianzisha taratibu husaidia jenereta ndogo. Moshi wa jenereta usikaribie dirisha, na king'ora cha kaboni monoksaidi kiwepo ndani. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400, ambazo kwa mashine ya wati 600 haziwezi kuzidi saa 4.

Pesa ya kwanza kabisa, hata kabla ya kiyoyozi, itoe kwa vifuniko vya kuakisi jua madirishani na turubai la kivuli upande wa jua la alasiri. Washa kiyoyozi asubuhi, kabla kuta hazijashika moto.

Ukishafunga, kiache kifanye kazi dakika 20, kisha pima kwa kipimajoto hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi ni nzuri. Ikiwa chini ya hapo, safisha chujio na ukague zile nyufa za ndani kabla ya kumwita fundi wa gesi.