iNaturalist: programu inayowafaa wapenda viumbe wa Uganda
iNaturalist, iliyoanzishwa mwaka 2008 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, humwezesha yeyote kupiga picha ya kiumbe, kuiweka mtandaoni pamoja na mahali na tarehe, kisha kusaidiwa na watumiaji wenzake kukitambua. Kipepeo niliyempiga picha katika Bustani ya Mimea ya Entebbe, mabawa yake yakiwa yamechanika pembeni, alipata jina la kisayansi siku ileile. Naiamini zaidi kwa sababu taarifa haipandi daraja la utafiti mpaka zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wakubaliane, ndipo iweze kupelekwa GBIF, hifadhidata ya kimataifa inayotumiwa na wanasayansi. Mahali hasa alipoonekana kakakuona, anayewindwa kwa ajili ya magamba yake, hufichwa. Majina ya Kiswahili bado ni machache, nasi tunaweza kuyaongeza.